Shahada ya Asiyeshuhudia

Katika lugha yetu neno shahada limebeba mizigo miwili, na aghlabu twauona mmoja tukausahau wa pili. Anayehitimu chuo kikuu twasema amepata shahada. Anayesimama mbele ya kadhi akaeleza aliyoyaona kwa macho yake, naye ametoa shahada. Karatasi anayoitundika mhitimu ukutani ni ushahidi basi: wapo watu waliomwona akitenda jambo, na watu hao wanasema mbele ya umma kwamba alilitenda vyema. Lau hawakumwona, karatasi hiyo, hata iwe na nakshi na mihuri namna gani, ni shahada ya asiyeshuhudia. Na shahada ya namna hiyo, mahakamani, ina jina lake.

Yaliyonifanya niyawaze haya ni biashara moja iliyoenea mno duniani katika miaka hii na ambayo imefika mpaka visiwani kwetu: biashara ya kozi za kuwafunza walimu wa Kiingereza, pamoja na biashara ya pili iliyopanda mgongoni mwa ile ya kwanza, yaani ya kuzipa kozi hizo ithibati ya ubora. Mimi si mtaalamu wa elimu, wala sikusomea ushairi au tafsiri katika chuo chochote. Hapana aliyepata kunipa muhuri. Pengine msomaji atatarajia kwamba mtu wa aina yangu aidharau mihuri yote. Siidharau. Nataka kujua tu, anayeweka muhuri juu ya kozi ya ualimu anamwahidi nani, na anamwahidi nini.

Tuanze na kozi zenyewe. Mwaka 1953 Mwingereza John Haycraft na mkewe Brita walifungua skuli ya Kiingereza katika mji wa Córdoba, Hispania. Miaka michache baadaye wakawa London, na huko, mwaka 1962, wakaanzisha kozi fupi, ya majuma mawili tu, ya kuwatayarisha watu kuwafundisha wageni Kiingereza. Hapo kabla iliaminika, na wengi wanaamini hadi leo, kwamba anayekijua Kiingereza anaweza kukifundisha. Kana kwamba kila anayejua kula anajua kupika. Kutokana na mbegu hiyo, kwa kupitia kwanza Jumuiya ya Kifalme ya Sanaa ya London, na kuanzia 1988 idara ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge, kimechipuka cheti kinachojulikana leo kwa jina la CELTA. Bodi ya mitihani ya Trinity College London nayo ina cheti chake kinachofanana na hicho.

Yafaa tukikague kwa karibu cheti hicho cha Cambridge, maana wengi hukitaja na wachache hukijua. Kozi yake ina saa zisizopungua 120 za masomo, na kwa anayesoma kutwa humalizika kwa majuma manne au matano. Mwanafunzi huandika kazi nne. Huwatazama walimu wazoefu kwa saa 6. Naye mwenyewe hufundisha kwa saa 6, si mbele ya wenzake wanaojifanya hawajui Kiingereza, bali mbele ya watu wasiokijua kweli, wa viwango viwili mbalimbali, huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa na karatasi mkononi. Juu ya hayo, kila kozi huletewa mtathmini kutoka nje, aliyeteuliwa na Cambridge na asiyekuwa wa chuo kile, ambaye husoma majalada ya wanafunzi, huwatazama wakifundisha, na huzungumza na wakufunzi kuhusu alama wanazotaka kuzitoa.

Saa 6 ni chache. Mwashi hapewi nyumba kwa saa sita za kupanga mawe. Lakini ndani ya saa hizo mna kitu ambacho saa nyingine 114 hazina: yupo mtu aliyeona. Aliona kijana akiuliza swali na kulijibu mwenyewe kwa woga wa kimya. Aliona ubao uliojaa maandishi na nyuso zilizokuwa tupu. Akaeleza, na siku ya pili akaketi tena kutazama kama maelezo yake yamefika.

Sasa tazama soko lilivyofanya. Zikazuka kozi za kwenye mtandao zinazouzwa kwa bei ya chakula cha jioni katika hoteli za Nungwi, na takriban zote zimejipamba kwa tarakimu hiyo hiyo: saa 120. Mia na ishirini waliichukua, sita wakaiacha. Katika nyingi ya kozi hizo mtu husoma kurasa, hujibu maswali ya kuchagua, hulipa, kisha hupelekewa cheti kwa barua pepe. Hajasimama mbele ya mtu hata mmoja. Ninamjua mmoja aliyeifanya ya namna hiyo simuni, ndani ya daladala, baina ya Bububu na Darajani, na hakuificha habari hiyo. Aliisimulia kwa kucheka. Cheti chake kilikuwa na mihuri mitatu.

Mihuri hiyo ndiyo iliyonisumbua. Kila mmoja ulikuwa wa taasisi yenye jina refu, lenye maneno kama baraza na kimataifa na viwango. Hakuna sheria ya dunia inayomzuia mtu kuandikisha kampuni leo asubuhi, kuiita baraza, na jioni kuipa ithibati kozi ya nduguye, au yake mwenyewe. Mnunuzi aliye Chake Chake au Hanoi atatofautishaje baraza na baraza? Wahenga walitwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli sokoni Malindi, ambako unamfunua samaki matamvua na kujua saa hiyo hiyo kama alivuliwa leo au juzi. Katika elimu haifai. Anayenunua masomo ananunua kitu asichoweza kukipima, kwa kuwa kipimo chenyewe ndicho anachokwenda kukitafuta. Na katika kozi za ualimu ujinga huu, nasema ujinga kwa maana ya kutojua, umekuwa wa ghorofa mbili: mwalimu mtarajiwa hajui ufundishaji mwema ukoje, na wanafunzi wake wa kesho hawatajua Kiingereza chema kikoje. Hapo ndipo muhuri unapopata kazi yake ya halali. Unasema: wewe huwezi kufunua matamvua, nimekufunulia mimi.

Kitanda kibovu humwangusha aliyekilalia, naye humrudia seremala kwa ghadhabu. Mwalimu mbovu harudiwi. Mtoto aliyefundishwa vibaya miaka mitano hamlaumu mwalimu. Hujilaumu nafsi yake. Husema, mimi sina kichwa cha Kiingereza. Nimeyasikia maneno hayo kwa wapagazi, kwa wauza viungo, kwa kina mama waliokwishalea, yakisemwa kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekueleza kimo chake. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Chini ya uamuzi huo, mtoto aliyejiona hana kichwa cha Kiingereza alijikuta pia hana kichwa cha hesabu, na haukupita muda akawa hana kichwa. Ni dhulma ya ajabu hii, maana mdhulumiwa huibeba hatia yake na dhalimu hana habari.

Nadhani hapo tumemwona anayeahidiwa. Kozi humuuzia mwalimu mtarajiwa, na taasisi ya ithibati huiuzia kozi. Wote watatu wamo katika mapatano, na kila mmoja anatoka na chake. Asiyekuwamo ni mwanafunzi wa kesho, ambaye hajui kama muhuri huo upo na ambaye hatauona maishani mwake. Ushahidi ulitolewa kwa ajili yake, na yeye hakualikwa mahakamani. Ndiyo maana siwezi kukubali hoja niliyosikia kwamba cheti rahisi hakimdhuru mtu, kwani aliyekinunua alijua anachonunua. Aliyekinunua si yeye atakayekilipia.

Kama mfasiri, nimelitazama pia neno lenyewe. Ithibati tumelipata kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa thabiti: linakihusu kitu, kwamba kimesimama imara, hakiyumbi. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa jambo hili lina asili katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuamini: linamhusu mtazamaji, kwamba amepewa sababu ya kusadiki. Kwa hiyo jambo moja, lugha moja inauliza kama nguzo imesimama, na nyingine inauliza kama watu wameridhika na nguzo. Sidai kwamba Waingereza hawajali nguzo wala kwamba sisi tunaijali zaidi. Mihuri mingi inayouzwa leo, hata hivyo, inatimiza maana ya Kilatini na kuikosa ya Kiarabu: inawafanya watu waamini, na kilichoaminiwa hakijasimama.

Mwanafalsafa Onora O'Neill alilizungumzia jambo la jirani na hili katika mihadhara ya Reith aliyoitoa kwenye redio ya BBC mwaka 2002. Alionya kwamba ukaguzi na tathmini zikizidi huweza kuiharibu kazi zilizokusudia kuilinda, kwa vile mwenye taaluma hugeuka akawa anamtumikia mkaguzi badala ya mgonjwa au mwanafunzi. Yeyote aliyewahi kuwapo skuli siku ya ugeni wa mkaguzi anaelewa. Sakafu imepigwa deki, somo la jana linarudiwa leo ili watoto wajibu haraka, na wale watatu wakaidi wametumwa kuchota maji. Mtathmini wa kozi ya ualimu naye hufika kwa siku yake iliyopangwa, akaona alichotayarishiwa. Kwa hiyo sisemi kwamba aliyeketi nyuma ya darasa hadanganyiki. Nasema asiyeketi hana hata cha kudanganyiwa.

Katika mwambao wetu tulikuwa na njia nyingine ya kutoa ithibati, ya watu na si ya mabaraza. Mwanafunzi aliyesoma kitabu kwa sheikh mpaka akakimudu alipewa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha, na idhini hiyo ilikuwa na jina la mtoaji, na jina la aliyempa mtoaji, na kuendelea juu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1982, aliandika kitabu kizima kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, na anayekisoma haachi kuona jinsi habari ya mwanachuoni inavyokwenda pamoja na habari ya nani alimsomesha na nani alisoma kwake. Hilo ndilo lililowekwa rehani: jina. Mwanafunzi akivurunda, watu waliuliza amesoma kwa nani, na jibu lilimfikia sheikh mahali alipokaa.

Tusiitie chumvi lakini. Hata ijaza iliharibika. Zilitolewa ijaza kwa watoto wachanga na kwa watu waliokuwa nchi za mbali, kwa ajili ya baraka na heshima, na aliyeipokea hakuwa amesoma hata ukurasa. Na njia ile ilifaa pale ambapo watu walijuana. Mwenye skuli ya Muscat anayetafuta mwalimu hawezi kumjua mkufunzi wa Kraków aliyemfundisha. Ndipo taasisi zinapohitajika zisimame mahali pa majina.

Lakini taasisi huleta swali la ngazi. Nani anampa ithibati mtoa ithibati? Na huyo naye nani? Uingereza wana jibu ambalo si baya. Bodi za mitihani za England zinasimamiwa na Ofqual, na vyeti vile viwili nilivyovitaja vimo katika daraja la 5 la mfumo wake wa sifa. Ofqual yenyewe hujieleza mbele ya Bunge. Ngazi hiyo haikukoma kwa kufikia muhuri mkubwa kuliko yote. Imekoma kwa kumfikia mtu anayeweza kuitwa akaulizwa, na aliyetumwa na watu anaouliza kwa niaba yao. Nasi tuna Tume ya Vyuo Vikuu kwa vyuo vikuu vya Tanzania, nayo ina anwani na mlango wa kugongwa. Nilipoutafuta mlango wa yale mabaraza matatu ya kwenye cheti cha daladala, nilipata sanduku la barua.

Kipo kipimo kingine ambacho naona ni chepesi zaidi na hakihitaji kwenda London: kuuliza kama mtoa ithibati amewahi kukataa. Kozi ipi aliinyima? Ipi aliipa kisha akaipokonya, na yamechapishwa wapi? Mtu anayejibu ndiyo kwa kila swali hajajibu swali lolote. Na katika kozi yenyewe, yupo aliyefeli? CELTA wapo wanaofeli, ingawa ni wachache, kwa sababu wengi husailiwa na kuchujwa kabla ya kupokewa na wengine hujitoa njiani.

Nimeisifu kozi ya Cambridge vya kutosha. Sasa nisema na kisichonipendeza. Ada yake aghlabu huvuka pauni 1,000, fedha ambazo mwalimu wa Pemba hazipati kwa miezi mingi. Kisha soko la ajira hukipa cheti kile uzito ambao wenyewe waliokitunga hawakukipa, kwani wao hukiita cha kuanzia. Mwalimu aliyesoma Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, ambacho tangu 2009 kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, alikwenda mazoezi ya kufundisha kwa majuma kadhaa katika skuli za kweli, zenye madarasa ya watoto hamsini au sabini, na walimu wakongwe walimtazama. Kwa hesabu ya saa za kutazamwa, amempita mbali kijana wa majuma manne aliyefundisha watu wazima kumi na wawili. Lakini wakienda wote wawili kuomba kazi nje, cheti cha nani kitasomwa kwanza? Na kuna mahali ambapo hakisomwi cheti cha yeyote. Korea ya Kusini, viza ya mwalimu wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu ambazo Kiingereza huhesabiwa ni lugha yao. Hapo ithibati ni pasipoti, na kuzaliwa ndiko kulikokaguliwa.

Kuna jambo la kazini kwangu ambalo lilinifikirisha zaidi kuliko mihadhara. Mwenye cheti cha mihuri mitatu aliniletea nikifasiri kwa Kiswahili, kwa kuwa aliyetaka kumwajiri alikitaka hivyo. Mfasiri naye ana muhuri. Chini ya kila kazi huandika kwamba hii ni tafsiri sahihi ya waraka wa asili, na kutia saini. Nilikifasiri neno kwa neno, na nikatia saini, na kila nilichokithibitisha kilikuwa kweli: waraka ulisema hivyo. Nilipomaliza niliviorodhesha vitenzi vyake. Kulikuwa na amejiandikisha, amekamilisha, ametimiza, anatunukiwa. Hakukuwa na kitenzi hata kimoja ambacho mtendaji wake ni mtu mwingine aliyemwona kijana huyu akifanya jambo. Ajira aliipata. Ni mchangamfu, na huenda ni mwalimu mzuri, hakuna ajuaye.

Tangu janga la korona la mwaka 2020, Cambridge imeruhusu masomo ya majaribio yafanyike kwa mtandao, mkufunzi akitazama kupitia kioo cha kompyuta. Wapo wanaosema hapo tofauti imekwisha. Mimi naona haijaisha: anayetazama kwenye kioo bado anatazama, ingawa hamuoni mtoto wa dirishani aliyelala, maana katika kioo kila mtu yumo katika dirisha lake.

Kwetu hapa, vituo vya Kiingereza vya jioni ni vingi, vya waongoza watalii na wafanyakazi wa mahoteli, na katika vingi vyao hapana anayeketi nyuma. Walimu wastaafu tunao, wenye miaka thelathini ya chaki vidoleni. Wangeweza kuketi saa sita sita. Tatizo ni malipo. Kituo kikimlipa mtazamaji, tumeyarudia yale yale, kwani shahidi anayelipwa na mdai kadhi humtazama mara mbili. Wakilipa wanafunzi, tumewaongezea ada wasioweza hata ya sasa. Serikali ina skuli zake za kukagua, na wakaguzi wenyewe hawatoshi.

Katika kituo kimoja cha Ng'ambo nilikuta walimu wanne waliokwishaacha kulingoja jibu. Kila Alkhamisi mmoja wao hafundishi. Huketi nyuma ya darasa la mwenzake akiwa na daftari la shule la kurasa 48. Hawatoi cheti wala hawana jina la mpango wao. Niliomba kuliona daftari, wakanionesha. Ukurasa wa juzi ulikuwa na mistari miwili: "Umesema dakika 31, wao wamesema 4. Salma hukumuuliza tena."